Mke Wangu Anapiga

Novemba 4

Mvua ya kwanza ilinyesha jana alasiri, ikaezua mabati ya kibanda cha mkaa cha jirani. Leo asubuhi Feisal amerudi machimboni, upande wa Geita, anakotengeneza makarasha ya kusagia mawe. Kabla ya kupanda bajaji kwenda stendi aliichukua simu yangu mezani, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua embe.

"Mama Swaumu, hii simu imechoka. Nikipata nafasi nitakununulia nyingine."

Naliandika hili kwa sababu sikuwa nimelalamika. Simu yangu na yake tulizinunua siku moja, mwaka wa tatu sasa, hapa hapa Nyasubi kwa fundi Athanas. Katika muda wote huo Feisal hajawahi kuitazama yangu mara mbili.

Novemba 5

Leo nimeikagua simu kama ninavyokagua rafu za duka. Ina ufa mmoja kona ya juu. Chaji ya asubuhi inafika adhuhuri, nikiibana inafika alasiri. Kukiwa na unyevunyevu inajibonyeza yenyewe: inafungua picha, inafunga, inaingia kwenye majina, inatoka. Mengine yote inafanya. Inapiga, inapokea, inamulika, inanisomea jumbe za walimu wa Swaumu.

Nauza dawa kwenye duka la dada Rosemary karibu na soko. Kila boksi lina tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kuisha. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza kwa nini tutoe kwenye rafu vidonge ambavyo bado ni vizima, havijabadilika hata rangi. Akasema, "Hatuvitoi kwa sababu vimeshindwa kuponya, mdogo wangu. Tunavitoa kwa sababu hatuwezi tena kuviapia."

Simu haina tarehe ya kuisha. Anayesema imekwisha lazima awe na sababu.

Novemba 9

Mvua. Wagonjwa wa malaria wameanza.

Novemba 13

Feisal amepiga. Baada ya salamu ameingia kwenye simu tena. Leo haikuwa kuchoka, ilikuwa kioo.

"Ule ufa utakuja kukukata sikio."

"Haujanikata miezi minane."

"Basi usiseme sikukuambia."

Nilipomsimulia dada Rosemary alikuwa anahesabu paketi za dawa ya kuhara. Hakuinua kichwa. "Mwanamume akitaka kukununulia simu hujamwomba, jiulize ya zamani imemwona wapi."

Novemba 20

Niandike jambo la majina, maana nimeanza kuyatazama.

Simu zetu zina imeli moja. Siku ile Athanas alitaka kujua imeli zetu, hatukuwa nazo, akatutengenezea moja ya pamoja kwa majina yetu, zakianafeisal. Akasema mke na mume imeli mbili za nini. Tangu hapo jina analohifadhi Feisal machimboni linatokea kwangu, na langu linatokea kwake. Hatukuona ubaya. Nimezoea kuona watu wake: Beringi Mwanza, Mzee wa Mikanda, Welda Katoro. Mwezi uliopita lilitokea Donatus Wangu, nikajua ni fundi mwenzake, kama wanavyosema kule, "huyo mtu wangu." Wiki hii limetokea Kinyozi Ushirombo. Hilo limenisimamisha kidogo. Feisal ananyolewa hapa mtaani, na Ushirombo hana kazi ninayoijua.

Mimi kwake nimeandikwa Dawa. Nilimwuliza zamani, akanieleza kwamba machimboni mwizi akiiba simu, kitu cha kwanza anatafuta Mke Wangu. Anapiga: mumeo kafukiwa kwenye duara, tuma hela ya gari haraka. Duara ndilo shimo wanalochimbia dhahabu. Wakiona Dawa watadhani ni duka. Nilicheka, nikaona ana akili. Mimi nimemwandika Mume Wangu. Nyasubi hakuna duara la kunifukia.

Novemba 29

Kinyozi wa Ushirombo bado yupo. Simu imelala na chaji nusu, imeamka na nusu ile ile. Iliyochoka hailali hivyo.

Desemba 7

Nimetulia ndipo naandika.

Asubuhi nilikuwa natafuta namba ya mwalimu wa Swaumu. Herufi M. Nikapita Mama Kija Nkome, jina jipya, simjui. Nikapita Mchele Jumla. Nikafika Mke Wangu.

Namba si yangu. Nimeisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama ninavyosoma namba ya toleo kwenye boksi. Haifanani na yangu hata mwisho wake.

Katika imeli hii tumo watu wawili. Mimi sina mke. Aliyeandika ni Feisal.

Kwa hiyo yako majina mawili kwenye simu ya mume wangu. Moja ni Mke Wangu, na jingine ni Dawa. Ile habari ya wezi wa machimboni nimeirudia kichwani mara nyingi leo. Mtu anayeogopa kuandika mke kwa sababu ya wezi, huyu wa pili hamwogopei?

Sasa naelewa kwa nini simu yangu imechoka. Imechoka kwa sababu inaona.

Mteja mmoja, mama wa kijijini, amesimama kaunta akinisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," mara ya pili na ya tatu, nami namtazama tu. Ameniuliza kama mimi ndiye mgonjwa.

Desemba 8

Sijapiga ile namba. Sitaki kupiga kabla ya kuwa na uhakika. Feisal anarudi Jumamosi.

Desemba 14

Amerudi na mchele na kanga ya Swaumu. Nimemwandalia maji. Alipoingia bafuni nilichukua simu yake kwenye kiti. Namba ya kuifungulia ni ile ile, mwaka aliozaliwa mtoto. Mke Wangu yumo, namba ile ile. Nimeirudisha kwenye kiti haraka, kioo kikitazama chini.

Baada ya kula tulikaa kwenye mkeka. Swaumu alikuwa anakariri jedwali la saba. Mimi nilikuwa na simu yangu mapajani. Feisal alianza tena.

"Hizi simu za zamani, siku hizi watu wanaingia kwenye akaunti kirahisi. Si salama."

Kwanza kuchoka, pili ufa, tatu usalama. Kabla sijajibu simu yake iliita. Ilikuwa kati yetu, kioo juu, na mimi nina macho. Maandishi makubwa: Mke Wangu.

Swaumu, ambaye amejua kusoma mwaka huu na anasoma kila kitu hadi karatasi za maandazi, alisoma kwa sauti. "Mke Wangu anapiga. Mama, unampigia baba?"

Feisal aliitazama simu. Kisha alinitazama mikono.

"Unanipigia?"

"Kwa nini? Si huyu nimekaa hapa?"

Alikata. Ikaita tena. Akaizima kabisa, akaiweka mfukoni.

"Watu wa machimbo wana utani mbaya," alisema.

Ninachokiandika hapa ni lile swali lake. Unanipigia? Alilisema vizuri sana, kama mtu anayeshangaa kweli. Miaka kumi nimeishi naye, sikujua kwamba anaweza kuigiza hivyo.

Desemba 15

Asubuhi nilimkuta ameshika simu yangu. Alisema anaangalia saa. Saa yetu iko ukutani. Nilipoichukua ilikuwa kwenye majina, herufi D. Anatafuta Dawa? Anataka kuifuta?

Sikuuliza. Naye hakusema.

Desemba 16

Ameondoka. Sikumsindikiza hadi kwenye bajaji.

Desemba 25

Dada Rosemary ametualika Krismasi. Pilau ilikuwa nyingi, na mbuzi aliyeletwa na mwanawe kutoka Bukombe. Tukiosha vyombo nilimwambia yote, maana uso wangu ulikuwa umeshamwambia nusu.

"Namba unayo?"

"Ninayo."

"Basi piga."

"Nitasema nini?"

"Aliyepigiwa ndiye husema haloo. Wewe utasikiliza tu."

"Sitaki kukosea, dada. Nataka ushahidi kamili kwanza."

Alipangusa sahani ile ile mara mbili. "Zakia, mgonjwa akija dukani akikuambia ana ushahidi wa homa lakini hataki kupima, unamwambiaje?"

Nimemwambia mvua inakuja, tukarudi nyumbani.

Desemba 31

Hakuna mvua. Hakuna Feisal. Amesema kazi ni nyingi.

Januari 6

Mvua kubwa siku ya pili mfululizo. Maduara ya kule yamejaa maji, kazi imesimama. Nimeyajua haya kwa mke wa Ibrahimu wa mtaa wa pili, kwa sababu Ibrahimu amesharudi. Vijana wote wa Nyasubi wanaofanya kazi kule wamerudi. Nimemwuliza Ibrahimu kama amemwona Feisal.

"Shemeji, yule tuliachana naye stendi. Alipanda gari la Nkome."

Nkome ni mwaloni, wanakoshushia samaki, ziwani. Karasha haliko ziwani. Aliye Nkome ni Mama Kija.

Simu yake haipatikani.

Januari 8

Haipatikani.

Januari 9

Haipatikani. Ufa wa simu yangu umetambaa hadi katikati. Nilipoibonyeza mara nyingi huenda nilibonyeza kwa nguvu.

Januari 11

Amerudi akiwa amekonda. Begi lake linanuka dagaa, si dagaa wakavu wa sokoni, bali wale waliolowa wakaharibika. Nimefua nguo zake mara mbili na harufu imebaki.

"Ulikuwa wapi?"

"Nkome. Kuna mtu alikuwa na injini ya mtumbwi imekufa."

"Imepona?"

"Haikupona."

Alijibu akitazama miguu yake. Nikasubiri aseme habari ya simu, maana hajawahi kukaa siku nzima bila kuisema. Hakusema. Jioni nikamchokoza mwenyewe.

"Ile simu mpya vipi? Ufa umeongezeka."

"Tuvumilie kidogo, Mama Swaumu. Hii si bado inafanya kazi?"

Nimekaa nalo hili hadi sasa. Miezi miwili simu yangu ni mbovu, itanikata sikio, si salama. Amekwenda Nkome, amerudi, simu imekuwa nzima. Maana yake ni moja tu: simu mpya imeshanunuliwa, na haiko Nyasubi. Huyo Mama Kija, au huyo Mke Wangu, au wote ni mtu mmoja, sasa hivi anaibandika kava.

Januari 13

Ameondoka. Maji yamepungua kwenye maduara.

Januari 22

Jua kali, mahindi ya watu yananyauka. Tumeuza chumvi za kuongeza maji mwilini zaidi kuliko kitu kingine.

Januari 30

Kila siku nafungua jina lile, nalitazama, nalifunga. Dada Rosemary ameacha kuniuliza. Leo amesema tu, "Ukimaliza kumtazama huyo mwenzako, kuna mteja."

Februari 9

Sijui nianzie wapi. Nianze na mvua.

Ilirudi leo saa nne kwa upepo, ikaingia dukani kwa mlango. Nilikimbia kuokoa maboksi ya chini, simu ikiwa mfuko wa mbele wa koti langu la kazi. Nilipoinuka koti lilikuwa limelowa kifuani, na kifua kilikuwa kinaongea.

"Haloo? Haloo? Mbona husemi? Nani mwenzangu?"

Sauti ya mwanamke. Simu ilikuwa imejibonyeza kama kawaida yake. Imeingia kwenye majina, na jina lililokuwa wazi, kwa kuwa ndilo nililokuwa nikilitazama kila siku, imelipiga.

Kioo: Mke Wangu.

Ningeweza kukata. Dada Rosemary alikuwa amesimama na fagio, ananitazama. Sikukata.

"Mimi naitwa Zakia," nilisema. "Niko Kahama."

Nikasikia kuku upande wa pili, na mvua, ilikuwa inanyesha kwake pia.

"Zakia," alisema polepole. "Zakia na Feisal?"

Nilikaa juu ya boksi. "Umetujuaje?"

"Mmeandikwa kwenye simu ya mume wangu. Zakia na Feisal, pamoja, kwenye imeli yake. Nimewatafuta ninyi watu tangu kabla ya Krismasi."

"Mume wako ni Feisal?"

"Feisal wa nini? Mume wangu ni Leodgar. Leodgar wa Ushirombo hapa, mlinzi wa parokia. Mimi naitwa Salvina." Sauti yake ilianza kupanda. "Sasa na wewe nijibu. Leodgar ni mwanamume. Kwa nini kwenye simu yake ana mtu anaitwa Mume Wangu?"

Dada Rosemary aliliegemea fagio.

"Hiyo namba inaishia na ngapi?" niliuliza.

Alinitajia. Ilikuwa ya Feisal.

"Huyo ni mume wangu. Mimi ndiye niliyemwandika."

"Umemwandika kwenye simu ya Leodgar? Uliishika lini?"

"Sijaishika. Niliandika kwenye yangu."

"Mimi nilijua tu kuna mwanamke anashika simu ya mume wangu, tena mwanamke mwenye mume, hana hata aibu, anamwandika mume wake humo. Nikasema ngoja nimpigie huyo bwana nimwambie mke wako yuko huku. Nikapiga mara mbili, akakata."

"Desemba," nikasema. "Tulikuwa tumemaliza kula."

"Alikata mara mbili, kisha akazima."

"Nilikuwepo. Iliandika Mke Wangu anapiga."

Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mke Wangu ni mimi. Leodgar ndivyo alivyonisevu." Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo lililomsumbua zaidi: "Na Dawa? Kuna mtu anaitwa Dawa. Nimemkazia macho Leodgar miezi miwili, nikisema huyu anaumwa nini asichoniambia. Nimempikia hadi mlonge."

"Dawa ni mimi."

Hapo ndipo alipocheka, nami nikacheka, na dada Rosemary aliyekuwa akisikia upande mmoja tu alicheka pia kwa kutuonea wivu.

"Simu aliinunua wapi?" nilimwuliza.

"Alipouza ng'ombe, mwanzo wa Desemba. Huko huko kwenu, Nyasubi. Kwa fundi mmoja, Athanas."

Februari 10

Athanas ana kibanda chenye kaunta ya kioo na picha ya timu yake. Nilimsimulia. Aliendelea kulegeza skrubu hadi nilipofika kwenye jina la imeli, ndipo akaweka bisibisi chini.

"Shemeji, mimi nilikuwa nasaidia watu."

"Umesaidiaje?"

"Wateja wanakuja hawana imeli. Zamani nilikuwa namtengenezea kila mtu yake kwa namba yangu. Oktoba ikagoma. Ikaniambia namba hii imetumika mno. Nikasema mtu amenunua simu, nimrudishe nyumbani bila kuiwasha? Ikabidi nitafute imeli ya zamani ninayoikumbuka. Kati ya zote niliikumbuka ya kwenu."

"Kwa nini ya kwetu?"

"Majina yenu yanaimbika. Na nenosiri mlitaka liwe jina la mtoto."

"Umewapa watu wangapi?"

Aliangalia dari. "Wale wa masika haya. Wa Ushirombo wawili, wa Masumbwe mmoja, na huyu Melania msusi hapa nyuma."

"Melania ana mume?"

"Donatus, dereva wa fuso. Anamwita Donatus Wangu hata mbele za watu."

Alisema anaweza kubadilisha nenosiri na kuwatoa wote, lakini baadhi yao watapoteza majina yao hadi watengenezewe imeli nyingine kwa namba zao wenyewe. Nimemwambia awaite mmoja mmoja kwanza. Halafu akaitazama simu yangu kwa macho ya biashara.

"Hii shemeji imechoka."

"Wewe ni wa nne kuniambia," nilisema, ingawa wengine wote watatu walikuwa Feisal.

Nilirudi nikiwa mwepesi hadi njia panda ya soko. Hapo nikasimama. Mke Wangu si wake. Kinyozi si wake. Lakini hakuna aliyekuja kwa Athanas kutoka Nkome.

Februari 15

Feisal amerudi. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu kinyozi hadi Salvina. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakucheka kama nilivyotarajia.

"Kwa hiyo Donatus ni nani?"

"Donatus gani?"

"Donatus Wangu."

"Nilidhani ni fundi mwenzako."

"Mimi nimwite mwanamume mwenzangu wangu?"

"Ni mume wa Melania msusi. Dereva wa fuso."

Alijifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipovitoa macho yake yalikuwa mekundu.

"Tangu Oktoba, Zakia. Tangu Oktoba nasema katika imeli hii tumo watu wawili, na mimi sikuandika."

Niliyajua maneno hayo. Ni yangu. Yako katika shajara hii, tarehe saba Desemba.

"Ndiyo maana herufi D," nilisema.

"Nilitaka kuona kama bado yupo."

"Na simu mpya?"

Alichelewa kujibu. "Nilisema nikikununulia mpya, yenye imeli yake, utahamisha majina mwenyewe kwa mkono, moja moja. Ningeona kama utamhamisha."

"Yaani zawadi ilikuwa mtego."

"Na wewe ulishika simu yangu nikiwa naoga. Niliikuta imetazama chini. Mimi naiweka ikitazama juu, nisikie na nione ikiita."

Swaumu alipita, akatutazama, akarudi nje. Nilikuwa na hasira, kisha nikaona hasira yangu haina pa kukaa, kwa sababu kila kiti nilichotaka kumweka yeye nilikuwa nimekikalia mimi. Miezi yote hiyo tumechunguzana kwa bidii kama wakaguzi, wala hakuna aliyefungua mdomo kuuliza, Donatus ni nani, mke huyu ni nani. Neno moja la sebuleni lingetosha.

Na bado sikumwuliza Nkome. Nimeliona hilo baada ya yeye kulala. Nimemaliza kusema tungeulizana, na sikuuliza.

Februari 24

Mvua kila siku. Simu inajibonyeza. Leo imempigia mwalimu mkuu.

Machi 2

Mfungo wa kwanza. Feisal amekuja kufuturu nasi. Nilipika magimbi, tambi na uji wa pilipili manga. Tulikuwa tumeonja tende tu simu yangu ilipoita kwenye mkeka. Swaumu aliwahi kusoma, kama kawaida yake.

Feisal akaisukuma kwangu kwa kidole. "Pokea. Mkeo anapiga."

Alikuwa Salvina, anatutakia mfungo mwema, Leodgar akikohoa nyuma yake. Athanas hajawafikia bado, na mimi jina lake sijalibadilisha, nimelizoea.

"Mama Swaumu, huku kwetu Dawa imetoweka tangu jana," alisema. "Badala yake amekuja mtu anaitwa Zakia. Mmerudiana?"

"Hatukuwa tumeachana."

"Aa. Mimi niliona kama mmerudiana."

Nilipokata niliangalia majina. Kweli. Nikamtazama Feisal, aliyekuwa anapuliza uji usiohitaji kupulizwa.

"Na wale wezi wa machimboni? Wakinipigia kwamba umefukiwa kwenye duara?"

"Utaniuliza mimi kwanza."

Basi nikauliza. Niliweka bakuli chini kwanza.

"Baba Swaumu, Nkome ulikwenda kufanya nini? Mama Kija ni nani?"

Safari hii hakutazama miguu. Alisema Mama Kija ni mama mtu mzima, anauza dagaa mwaloni. Maduara yalipojaa, yeye alichukua pesa aliyoiweka kwa ajili ya simu yangu akanunua dagaa wabichi, awaanike, awalete Kahama, ili pesa izae. Wakaanikwa jioni. Mvua ikaanza kabla ya mapambazuko, haikukatika, na dagaa wote walioza juu ya mawe akiwatazama. Simu aliizima kwa sababu hakutaka kunisikia nikiuliza anarudi lini.

"Injini?"

"Hakukuwa na injini."

Nilikumbuka begi lake. Niliifua harufu ile mara mbili nikitafuta mwanamke ndani yake, kumbe ilikuwa simu yangu mpya.

"Kwa hiyo simu hakuna."

"Hakuna."

"Hii inafanya kazi," nilisema.

Swaumu aliomba magimbi zaidi. Nje kulikuwa na manyunyu, nami nikaifunika simu kwa sufuria isije ikampigia mtu mwingine. Sitaibadilisha msimu huu. Ufa umeigawa nusu kwa nusu, chaji haifiki tena adhuhuri, mimi nisingeweza kuiapia kwa mteja yeyote. Lakini siku ikifika nitaitoa mwenyewe, kwa sababu ya simu yenyewe.

Habari ya Nkome nimeiamini. Nimeiandikia tarehe hapo juu, Machi 2, kama tarehe ya kutengenezwa. Ya kuisha sijaiandika.